Hadi Siku ya Mwisho Alipoonekana

9 Septemba, Jumatatu

Operesheni ya dada Tsonka imekwisha salama. Wamemkata kipande cha utumbo mpana, na daktari aliyempasua anasema saratani ilikuwa imeshaanza kutafuta njia ya kutoka, ila kwenye ini hawakuiona. Dada alipozinduka aliuliza kama kuku wamekula. Nikamwambia Bibi Gena, jirani yake, amewalisha. "Yule atawapa mkate mpaka wapasuke," akasema, akalala tena.

Nimepita ofisini mchana, maana kazi yangu haina mtu mwingine. Naandikisha wagonjwa wa saratani wa mkoa wetu: nani kaugua nini, lini, na je, bado yu hai? Ulaya nzima ina ofisi kama hizi, na kila baada ya miaka kadhaa nchi zinawekwa kwenye jedwali moja zilinganishwe. Katika kila wagonjwa kumi, wangapi wapo hai miaka mitano baadaye? Sisi Wabulgaria huwa karibu na chini, na mkoa wetu wa kando ya mto Danubi huwa chini ya hao walio chini. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaingiza jina la ndugu yangu kwenye kompyuta ile. Leo nimeliingiza. Sikulia, nilikuwa nimechoka mno.

12 Septemba

Mvua. Dada karudi kijijini, Sinya Voda. Kuku kweli wamenenepa.

17 Septemba, Jumanne

Dakta Karamfilov, mkuu wangu, ameingia ofisini na keki. Alikuwa mpasuaji hadi mgongo ulipomshinda, ndipo akaletwa kwetu kwenye hesabu, na muda wote huo sijawahi kumwona na keki.

"Rumyana, kaa chini," alisema. "Au simama. Usilie tu."

Watu wa utafiti wa Ulaya wametuletea hesabu za majaribio. Zile kamili wanazitaka mwisho wa Novemba. Saratani ya utumbo mpana, mkoa wetu: katika kila kumi, sita na ushee wanafika miaka mitano. Tumewafikia Waitaliano.

"Waitaliano!" alisema, akapiga meza, kisha akashika mgongo. "Miaka yote nakwenda kwenye mikutano nakaa nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kurekebisha taa. Safari hii nakaa mbele."

"Tumefanya nini cha tofauti, Dakta?"

"Tumefanya kazi! Wewe mwanamke, ukipewa ua unatafuta mdudu. Kula keki."

Nimekula vipande viwili. Sikumbuki lini mara ya mwisho ofisi ile ilinipa jambo zuri la kupeleka nyumbani.

21 Septemba, Jumamosi

Sinya Voda nzima inanuka pilipili hoho za kuchoma. Kila ua una moto, kila mtu ana macho mekundu. Dada kakaa kwenye kiti na shuka miguuni, ananiamrisha mimi na Bibi Gena kana kwamba ametuajiri. Pilipili hii haijaiva. Ile imeungua. Wewe Rumyana unamenya kama mtu anayevua soksi. Nikampiga picha akinifokea.

Ralitsa alipiga simu kutoka Bergamo. Ni binti pekee wa dada, amekwenda Italia akiwa msichana na sasa ana watoto wawili huko. Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ili tumwone.

"Mama, njoo," alisema. "Nimeongea na hospitali ya hapa. Dawa ya dripu watakupa hapa, vipimo hapa hapa, hakuna kusafiri masaa. Chumba nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Na hizi pilipili atamenya nani?"

"Watu wanaumwa, yeye anahesabu pilipili. Mama mdogo, mwambie wewe."

Nilitaka kumtuliza kila mtu. Nikawaambia hesabu mpya: kwamba mkoa wetu umefika walipo Waitaliano. Dada aliigeukia simu kama mtu aliyeletewa shahidi.

"Umesikia? Mama yako mdogo ndiye anayeshika hesabu, si mimi. Hapa watu wanapona sawasawa na huko kwenu. Sasa nije Bergamo niugue kwa lugha nisiyoijua, kwa ajili gani? Hapa nina nyumba. Nina baba yako kaburini, nani atampelekea maua?"

Ralitsa akaniuliza mimi. "Ni kweli, mama mdogo?"

"Ni kweli," nikasema.

Nilikuwa na furaha kabisa. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilikuwa na furaha.

30 Septemba

Dripu ya kwanza. Tulitoka alfajiri na ukungu, tukarudi giza. Dada alitapika kando ya barabara mara tatu, na kila mara aliomba radhi kwa shamba la mtu.

4 Oktoba

Kipimo cha picha kimeahirishwa. Mashine imeharibika. Wametupa tarehe ya Novemba.

5 Oktoba

Hakuna la kuandika. Nimelala.

13 Oktoba, Jumapili

Nilikuwa kituoni nikisubiri basi la kurudi mjini. Bibi Gena akaja na bakuli la gundi ya unga na karatasi za tangazo la kumkumbuka marehemu mumewe. Kila mwaka siku aliyokufa anambandika upya, mlangoni, kwenye nguzo ya umeme na hapo kituoni, picha ile ile ya masharubu, na maneno yale yale kwamba hajasahauliwa.

"Mimi nikifa," alisema akipaka gundi, "nibandikeni ile picha ya harusi. Ya kitambulisho inanionyesha kama mwizi wa kuku."

"Bibi, kwenye harusi ulikuwa na miaka kumi na tisa."

"Basi si ndiyo vizuri? Watakuja wengi kuzika, wakidhani kafa msichana. Hebu nishikie hapa."

Nikashika. Kando ya masharubu kulikuwa na karatasi nyingine, imeanza kufifia. Mwanamke mwenye mkufu wa lulu. Mwaka mmoja bila mama yetu mpenzi Tsvetana Boneva, mwalimu, aliyefariki Valladolid, Hispania.

Nimepita kwenye kituo kile majira yote haya. Watu wa huku husoma ukuta kabla ya gazeti, na mimi pia nausoma, lakini nausoma kama mtu wa kijiji: nani huyu, mtoto wa nani, masikini. Leo tu, mkono ukiwa na gundi, ndipo nilipousoma kama mtu wa ofisini. Tsvetana Boneva, mwalimu, utumbo mpana. Nilimwandikisha mwenyewe. Ninakumbuka mwandiko wa daktari wake. Na kwenye kompyuta yangu Ijumaa iliyopita alikuwa hai.

"Huyu alikufa kweli?" nikamuuliza Bibi Gena.

Aliniangalia kana kwamba nimelewa. "Hapana binti, wamembandika kwa mzaha. Majivu yake aliyaleta bintiye kwa ndege. Nilipika mimi ngano ya hitima yake."

Basi likaja. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

14 Oktoba, Jumatatu

Hai. Tsvetana Boneva yu hai, na umri wake unaongezeka kila mwaka bila shida.

Nimetazama wengine leo kutwa. Kuna mzee wa miaka mia na nne mwenye saratani ya tumbo, hai. Kuna mke na mume, wote hai, ambao nyumba yao najua kwa macho yangu imeota mti katikati ya sebule. Sababu yake ni nyepesi hadi inaudhi. Mtu akifia hapa, karatasi ya kifo inafika kwetu yenyewe. Akifia Hispania, au Ujerumani, au Italia kwa bintiye, karatasi inabaki huko, hadi mtu aitafsiri na kuipeleka manispaa. Nani mwenye nguvu hizo, akiwa ametoka kuzika? Anaagiza karatasi za ukutani, anapika ngano, anarudi kazini kwake ughaibuni. Kijiji kizima kinajua. Sisi tu ndio hatujui.

Na wamekwenda wengi mno miaka hii. Nusu ya mkoa imekwenda, na walipozidiwa wazazi, wakawachukua wazazi. Ndiyo maana tumewafikia Waitaliano. Wagonjwa wetu hawafi kwa sababu hawapo. Tumevishwa kilemba cha ukoka, nami nimekivua kichwani kwangu nikamvisha dada yangu.

18 Oktoba, Ijumaa

Nimempelekea Dakta Karamfilov picha ya ukuta kwenye simu, na orodha fupi. Alivaa miwani, akavua.

"Rumyana, ukuta si hati."

"Lakini amekufa."

"Sikukatalia. Nakwambia ukuta si hati. Kesho mtu mwenye ugomvi na mama mkwe wake atambandika akiwa hai, na wewe utamuua kwenye kompyuta?"

"Basi tuandikie manispaa."

"Wanao watu wangapi manispaa? Wawili, na mmoja yuko likizo ya uzazi." Akasimama, akaenda dirishani, akabaki huko amenipa mgongo wake mbovu. "Mara moja tu. Mara moja tu katika maisha yangu jina la mkoa huu litokee pazuri. Unajua vijana wangu wa udaktari wanakimbilia wapi? Unajua kwa nini? Hakuna anayetaka kubaki mahali ambapo kila jedwali linasema hapa watu hufa."

Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, ila uchovu wake una miaka mingi zaidi.

Ninachojua ni hiki. Dada yangu amebaki hapa kwa sababu ya hesabu yangu. Kama hesabu ni ya uongo, lazima nimwambie, aamue upya kama anakwenda kwa Ralitsa au la. Na siwezi kumwambia, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo anayoshikilia akitapika.

19 Oktoba

Dripu ya pili imeahirishwa, damu yake iko chini. Ameniuliza, "Lakini sita katika kumi, si ndiyo?" Nikasema, "Kunywa chai."

26 Oktoba, Jumamosi

Vijiji vinne leo, na gari la mtu. Jani la mwisho limeanguka, kwa hiyo kuta zinaonekana vizuri. Nimesimama mbele ya milango, nguzo, kituo cha basi, duka lililofungwa. Mbwa wananibwekea. Mwanamke mmoja akaniita kutoka dirishani, "Wewe, unamtafuta nani?" Nikasema natafuta marehemu. "Basi umefika," akajibu, akafunga dirisha.

Majina tisa ya watu niliowaacha hai ofisini. Sipigi hesabu tena. Baada ya la tisa nimerudi garini nikalia, kwanza kwa ajili yao, kisha, nikiri tu, kwa ajili yangu.

29 Oktoba

Ukungu. Dada kaota kwamba amekwenda Bergamo na kuku wamemfuata kwa miguu.

2 Novemba, Jumamosi ya Marehemu

Makaburi ya mjini yamejaa. Kila mwanamke na sufuria yake ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, kila mwanamume na chupa ya divai ya kumwagia kaburi. Unagawa ngano, unapewa ngano, unasema "Mungu amsamehe," hadi mfuko unakuwa mzito kuliko ulivyokuja nao. Nilimwagia wazazi divai. Mvua ikamalizia.

Ukuta wa lango la makaburi umebandikwa hadi juu, kwa sababu leo ndiyo siku ya kubandika. Nikamwona Dakta Karamfilov amesimama pale bila mwavuli, na bakuli la ngano mkononi. Nilidhani ananikwepa. Nikamkaribia kumpa ngano yangu, nikaona hanioni kabisa.

"Huyu nilimshona mimi," alisema.

Ilikuwa karatasi ya mwanamume mnene anayecheka. Miaka mitatu bila Asparuh Lilov, aliyefia Stuttgart.

"Operesheni yangu ya mwisho kabla ya mgongo. Masaa saba. Alikuja kunipa mtungi wa asali, akasema, Dakta, mwanangu ananichukua Ujerumani. Na mimi kila nikichoka, Rumyana, kila nikiona haya kwa mambo ya nchi hii, nafungua kompyuta namtazama. Hai. Mwaka mwingine, hai. Nasema, basi, Asparuh anakula soseji huko, na mimi ndiye niliyemtengeneza."

Mvua ilikuwa inaingia kwenye ngano yake. Nikamfunika na mwavuli wangu.

"Mungu amsamehe," nikasema.

"Mungu amsamehe," akasema, akanipa ngano. Halafu: "Ukuta bado si hati. Hatuwezi kuandika kwamba amekufa."

"Najua."

"Lakini hatuwezi kuapa kwamba yu hai. Kila aliyehama, tutamhesabu hadi siku ya mwisho tulipomwona sisi. Ziara yake ya mwisho hospitalini. Mtungi wa asali. Baada ya hapo hatujui, na tutasema hatujui."

Sijawahi kumpenda mtu wa ofisini kwangu. Leo nimempenda mzee huyu, na ngano yake iliyolowa.

9 Novemba, Jumamosi

Nimemwambia.

Tulikuwa tunatia kabichi kwenye pipa, maana nimeahirisha kila kitu msimu huu lakini kabichi haiahirishwi. Dada anakata shina na kutia chumvi katikati, mimi napanga. Kipimo cha juzi kimefanyika hatimaye. Majibu yanachukua wiki tatu. Bibi Gena alikuwa ndani akipika maharage na kuimba vibaya.

"Dada, ile hesabu," nikasema. "Ya sita katika kumi."

"Imekuwa saba?"

"Tumeipiga upya. Imekuwa nne. Nne kasoro."

Kisu kikasimama. Nikamweleza yote, haraka, nikitazama kabichi: Tsvetana mwalimu wa kijiji chake mwenyewe, walio hai kwenye kompyuta na waliobandikwa kituoni, Stuttgart, Valladolid. Kwamba Waitaliano hatujawafikia. Kwamba ya Waitaliano ni ya kweli kwa sababu karatasi zao zinafika.

Alichukua kabichi nyingine, akaikata shina, akatia chumvi, akanipa.

"Ulinidanganya?"

"Sikujua."

"Sikuuliza kama ulijua."

"Dada, hesabu haimjui mtu mmoja. Ni ya wote kwa pamoja. Wewe unaweza kuwa kwenye wale wanne, huwezi kusema—"

"Basi kwa nini ulinipa?" Alipiga kisu mezani. "Kama haimjui mtu, kwa nini uliniletea hapa kama mkate wa moto? Nimelala nayo! Nikitapika naihesabu! Mbele ya mtoto wangu nimeitumia kama rungu, nikamfunga mdomo, naye amepaka chumba rangi!"

Bibi Gena alichungulia mlangoni. "Mnagombania chumvi?"

"Rudi kwenye maharage yako, Bibi!"

"Haya, haya. Mgonjwa haulizwi uji, wala halaumiwi kelele." Akarudi ndani, na hakuimba tena.

Dada aliketi juu ya kreti. Mikono yake ilikuwa nyekundu kwa chumvi na baridi, na mimi nikaona, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, jinsi alivyokonda. Nimekuwa nikimtazama kila siku lakini nikimwona kwa jicho la ile hesabu.

"Unajua kwa nini sikutaka kwenda?" alisema kwa sauti ya chini. "Si kuku. Si kaburi la Kiril wangu. Niliogopa. Wote waliokwenda hivyo, wazee, wamerudi kwenye kopo. Nikasema, nikibaki hapa mimi si mmoja wao."

"Najua."

"Hujui. Wewe umejua mwezi uliopita." Akainuka. "Weka jiwe juu ya kabichi, zisielee. Halafu nenda nyumbani, sitaki kukuona leo."

Niliweka jiwe. Nilikwenda.

10 Novemba

Hapokei simu.

11 Novemba

Hapokei. Theluji nyepesi, imeyeyuka.

12 Novemba

Bibi Gena kapokea badala yake. "Anakula," alisema. "Amenuna, lakini anakula. Anayenuna hafi, binti. Wanaokufa ni wale wanaokuwa wapole ghafla." Nimeamua kumwamini Bibi Gena, sina mwingine wa kuamini.

16 Novemba, Jumamosi

Nilikwenda bila kuitwa. Nikamkuta jikoni, kafunga kitambaa kipya kichwani, simu kaiegemeza kwenye chupa, Ralitsa analia na kucheka upande wa pili.

"Rangi gani?" dada anamuuliza. "Nimekuuliza Septemba hukunijibu."

"Kijani, mama. Kijani cha majani."

"Kibaya. Nitakipaka upya nikifika."

Alinigeukia. Hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Alinisogezea sahani ya maharage.

"Nakwenda," alisema. "Siyo kwa hesabu yako. Hesabu yako imenichosha. Nakwenda kwa sababu mwanangu amepaka chumba, na mimi nilimfunga mdomo kwa neno la uongo. Sasa kula, umekuwa kama uzi."

Nilikula nikilia ndani ya sahani, na yeye kwa mara ya kwanza hakunikataza.

28 Novemba, Alhamisi

Tumetuma. Nne kasoro. Dakta Karamfilov aliandika barua ya maelezo, akaisoma kwa sauti, akafuta sentensi iliyokuwa na majivuno, akairudisha, akaifuta tena.

"Nitakaa karibu na mlango," alisema.

"Taa nazo zinahitaji mtu," nikamwambia. Akacheka, akashika mgongo.

Hakuna keki.

2 Desemba

Majibu ya kipimo. Ini safi mpaka sasa. "Mpaka sasa" ni maneno ya daktari.

6 Desemba, Mtakatifu Nikola

Leo kila nyumba hula samaki. Kambare mzee wa Danubi hakupatikana, tumepika wa dukani, kajazwa wali na jozi. Dada kala vijiko vinne. Anagawa vitu. Bibi Gena amepewa kuku wote na masharti: mkate marufuku.

"Na wewe," dada akamwambia, "usife kabla sijarudi. Hakuna mwingine anayejua kupika gundi."

"Sifi mimi. Nasubiri picha yangu isafishwe," Bibi Gena akajibu, akatoka nje haraka na ganda la jozi mkononi, kulitupa, alisema. Alichukua muda mrefu kutupa ganda moja.

14 Desemba, Jumamosi

Uwanja wa ndege wa Sofia. Sanduku moja la nguo, na jingine la mitungi ya pilipili zilezile za Septemba, zilizofungwa kwenye taulo, kwa kuwa alikataa kuziacha. Alivaa koti la msiba wa mumewe, eti ndilo zuri.

Kiti cha magurudumu kilikuja kumchukua. Alikaa, akajipanga kitambaa, akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitarajia.

"Mdogo wangu. Sikiliza. Nikifia huko, usiniache hai."

"Dada!"

"Nyamaza, wananisubiri. Namaanisha kwenye kompyuta yako. Usinifanye kama yule mwalimu, nizeeke huko peke yangu mpaka miaka mia. Karatasi utaitafsiri, utaipeleka manispaa kwa mkono wako, hata kama yule mmoja yuko likizo. Na ukutani unibandike na picha ya pilipili, ile uliyonipiga nikikufokea. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na nisipokufa," akasema, kiti kikianza kwenda, "pia uandike."

Nilipunga mkono mpaka mlango ukafunga, kisha nikaendelea kupunga.

16 Desemba, Jumatatu

Kanuni ni yetu wenyewe, na inasema kila aliyehama ahesabiwe hadi siku ya mwisho alipoonekana. Nimefungua jina lake. Hali: haijulikani. Alionekana mara ya mwisho: 14 Desemba.

Nimeandika nikaenda kusimama dirishani mahali anaposimama Dakta. Haijulikani. Neno hilo nimelitumia wiki tatu kwa mamia ya watu, na nililiona la haki. Ni la haki. Limenichoma tu.

17 Desemba

Amepiga simu. Chumba ni kijani cha kutisha, anasema, kama ndani ya chura. Dripu wamempa jana. Wajukuu wanamfundisha kusema "inauma" kwa Kiitaliano. Alionekana amechoka, na alionekana.

18 Desemba

Nimefungua jina lake, nikabadilisha tarehe. Alionekana mara ya mwisho: 17 Desemba.

23 Desemba, Jumatatu

Theluji imekaa. Ofisi ni baridi, Dakta Karamfilov kaja na koti hadi mezani kwangu kuniaga kabla ya sikukuu. Nilikuwa nimefungua jina la dada tena, maana jana alipiga tena, akanionyesha mtungi wa pilipili umefunguliwa na mjukuu mdogo ana mafuta hadi masikioni. Sikuwahi kufunga skrini. Alisoma mstari, akaona tarehe ya jana, akaona nilizozifuta.

"Rumyana," alisema. "Simu si hati."

"Najua, Dakta."

Alibaki amesimama, akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Ana hali gani?"

"Anapaka chumba rangi upya. Amekaa kwenye kiti, anaamrisha wengine wapake."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaelekea mlangoni. "Kesho, mkesha wa Krismasi, atapiga," alisema bila kugeuka. "Ukirudi kazini, usisahau kubadilisha."